Karte Moja kwa Kitanda Kimoja

Ujumbe ulinikuta sokoni Butembo, mbele ya mabeseni arobaini na mawili ya plastiki. Nilikuwa nimeyahesabu mara mbili asubuhi ile, kwa sababu jirani yangu wa meza alikuwa mtu wa sala nyingi, na watu wa sala nyingi mimi ninawaheshimu kwa kuwahesabia. Dereva mmoja wa camion, lori la chumvi, alikuja na mafuta mikononi, akatoa maneno kama alivyopewa.

"Mudogo yako wa kule Beni anasema, yaya akuje. Tumbo imeshuka. Anasema hapana zalia peke yake tena."

"Amesema tena?"

"Njo vile amesema. Mi niko dereva, siko mwalimu."

Nikafunika mabeseni, nikamwachia yuleyule jirani wa sala, maana mwingine sikuwa naye, nikapanda juu ya mifuko ya chumvi ya yule dereva, nikiwa na vipande vinne vya sabuni ndani ya kitenge.

Yaya ni mimi, dada yake mkubwa. Kwa dunia nzima, mdogo wangu alikuwa hajazaa bado. Mume wake, aliyekuwa akichimba dhahabu Manguredjipa, hakujua. Majirani hawakujua, kanisa halikujua. Tuliojua tulikuwa watatu: yeye mwenyewe, mama mkwe wake, na mimi.

Miaka miwili kabla ya hapo, mji wa Beni ulikuwa umebadilisha wenye bunduki, kama ilivyokuwa desturi yake wakati ule. Mimi nilikuwa nimeleta mabeseni, nikilala kwake katika mtaa wa Mulekera. Risasi zilipoanza tulikimbilia mashambani pamoja na watu wote, yeye na mimba ya miezi minane, mimi na sufuria moja kichwani. Kwa nini sufuria, sijui mpaka leo. Uchungu ulimkamata njiani. Alizalia katika banda la mbuzi lililoachwa, na mtu aliyemshika mgongo ni mimi, na aliyepokea mtoto ni mimi, mikono hii hii ya kupokea mabeseni. Mtoto wa kike. Hakulia. Nilimpulizia, nikampiga nyayo, nikamwita. Hakulia. Halafu mdogo wangu akaanza kutoka damu. Vikwembe sita, vitambaa vyetu vya kujifunga, vililowa. Nilivihesabu, nikavihesabu tena nikitumaini nimekosea. Sita. Nilimkandamiza tumbo kwa ngumi, kama nilivyowahi kumwona bibi yetu akifanya. Elimu sikuwa nayo, nilikuwa na woga tu. Nikakandamiza mpaka damu ikapungua. Yeye alikuwa amezimia. Mtoto nilimfukia peke yangu chini ya migomba, bila msalaba, kwa sababu msalaba mpya huvutia maswali.

Tuliporudi mjini, mama mkwe wake, aliyekuwa amekimbilia upande mwingine, alitazama lile tumbo tupu. Hakupiga kelele. Alinivuta pembeni akasema taratibu kwamba tumbo linaloua hurudishwa kwao, na mbuzi wa mahari nao hurudi kwao.

Mimi ni mtu wa bei. Niliona bei ni kubwa, nikatafuta kitu cha kuipunguza, na kitu pekee kilichokuwa mezani ni yule mtoto.

Kwetu Wanande jina halitafutwi, jina linamngoja mtoto. Wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wavulana kwao na wasichana kwao, mpaka mwisho wa hesabu. Ndiyo maana kila anayezaliwa anahesabiwa, hata aliyezikwa siku hiyohiyo. Ukisikia jina la mtu unajua ni wangapi waliomtangulia. Basi nikamwambia yule mama: tusimhesabu. Tuseme ni vita vilivyoharibu mimba, hakuzaliwa mtu. Atakayekuja ndiye awe wa kwanza, achukue jina la kwanza, na tumbo la mdogo wangu libaki bila deni. Akanipa mkono. Kisha nikaenda kwa mdogo wangu, nikamwambia kwamba mama mkwe ndiye ametaka hivyo, na sisi hatuna nguvu. Alilia siku mbili, akanyamaza. Nilijisifu njia nzima ya kurudi Butembo. Nilikuwa nimeokoa ndoa nzima na mbuzi wote, na niliyemtoa ni mtu mmoja tu ambaye hangeweza kulalamika.

Hayo ndiyo niliyoyafikiria juu ya mifuko ya chumvi.

Katika barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari alipanda kuangalia mizigo. "Mama, okei wapi? Pesa sabuni." Kwa Kilingala cha askari: unaenda wapi, toa sabuni.

"Hii sabuni ni ya mama mwenye kuzaa," nikamwambia. "Kama unaichukua, basi ukuje na weye, utafua bikwembe."

Wenzake walicheka, yeye akachukua vipande viwili badala ya vinne. Nilijiona mshindi. Katika barrière ya pili walichukua kimoja. Ya tatu walitaka kile cha mwisho, nikakikata mbele yao kwa kisu chao wenyewe. Tuliposhuka mteremko wa Kabasha nilikuwa na sabuni ya ukubwa wa kiberiti, na barrière zilikuwa bado. Fika Beni na kipande hicho, halafu mtu akuulize vita ni nini.

Nyumbani kwake Mulekera mlango ulikuwa na kufuli. Majirani wakasema amepelekwa hospitali jana na mama mkwe wake. Nilifika pale jua likiwa kichwani.

Mlinzi wa mlango wa maternité, wodi ya wazazi, alikuwa na rungu na kiti kisicho na mgongo.

"Karte iko wapi?"

"Karte gani? Mudogo yangu eko ndani anazaa."

"Kitanda moja, karte moja, garde-malade moja. Ya kitanda yake ilishaingia."

"Ilishaingia na nani?"

"Na mwenye karte," akasema, kama mtu aliyenielimisha.

Sharti lile lilikuwa na sababu yake, sikatai. Tangu vita, nusu ya watu wa vijijini walikuwa wakiishi ndani ya uwanja wa hospitali na sufuria zao na kuku wao. Kila mgonjwa alikuwa na watu kumi. Basi wakubwa wa hospitali walikata maboksi ya maziwa, wakagonga muhuri, wakatoa kipande kimoja kwa kila kitanda, ndiyo karte. Mwenye kipande hicho, yaani garde-malade, mtunza mgonjwa, aliingia na mzazi mpaka ndani kabisa, mpaka kitandani pa kuzalia, kwa sababu wakunga walikuwa wawili kwa vitanda tisa na walihitaji mikono ya watu wengine: ya kusugua mgongo, ya kumpa mama maji, ya kumshika asianguke, na mdomo wa kujibu maswali yeye asipoweza kuongea. Siku hizi nasikia kazi hiyo ina jina, na kuna semina zake. Wakati ule ilikuwa na karte tu. Nimeona pasipoti zenye nguvu ndogo kuliko lile boksi la maziwa.

Nilizunguka nyuma, kwenye uwanja ambapo watunza wagonjwa walipikia. Dirisha la vioo vya kupanga lilikuwa wazi, na kitanda cha tatu kilikuwa kimegusa ukuta chini yake. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu, uso kwa dirisha, midomo imepasuka. Nyuma yake, juu ya kigoda, alikaa mama mkwe: mgongo wima, kitambaa cha kwaya kichwani, mikono juu ya kikapu. Alikuwa akisali, na alisali vizuri. Ila mikono haikutoka juu ya kikapu.

"Yaya," mdogo wangu akasema.

"Niko hapa."

"Ingia."

"Ninakuja," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ya mtu mwenye karte.

Uchungu ukaja, akauma kitenge. Sikuwa na saa. Nilihesabu kwa pumzi zangu kati ya uchungu mmoja na mwingine. Pumzi tisini. Nikahesabu tena: themanini na nane. Hakuna aliyemgusa mgongo. Mtu ambaye hajazaa anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mgongo ndipo mahali ambapo mwanamke hujigawa vipande viwili, na pasipokuwa na mkono pale, anajishika mwenyewe, na nguvu za kusukuma zinaishia katika kujishika.

Mama mkwe alitoka kuchukua maji ya moto. Nikamfuata penye moto.

"Mama, wasingya, asante kwa kumuchunga. Sasa pumzika kidogo. Unipe karte saa moja."

"Sikuchoka."

"Nusu saa. Nasugua mugongo, narudisha."

"Mugongo yake iko na nini?"

"Iko na kukosa mukono."

Akaweka kikombe chini. "Weye njo ulitoa mbuzi? Mutoto ni wa kwetu. Mwenye mutoto njo anashika karte. Ulikuja kuuzisha beseni, uzisha."

Wanawake waliokuwa wakipika walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi mwenyewe ningecheka kama ingekuwa meza ya mtu mwingine.

Baadaye mchana huo, wakunga walibadilishana zamu mlangoni. Aliyekuwa akitoka alimsomea aliyeingia kutoka katika daftari, kitanda kwa kitanda, nami nilikuwa hatua nne kutoka pale.

"Kitanda ya tatu: mimba ya kwanza, haina historia, inaenda polepole. Kitanda ya ine: alitoka damu mara ya nyuma. Donc sindano iko tayari, na kaka yake tulishamutosha damu."

Damu ya akiba haikuwepo hospitali ile. Friji ilikuwepo, lakini mafuta ya kuiendesha yalikuwa yameenda vitani. Damu ilitolewa kwa ndugu, mapema, na kwa yule tu ambaye daftari lilisema anaihitaji, maana mifuko yenyewe na sindano za kuzuia damu zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Kitanda cha nne kilikuwa na historia. Kitanda cha tatu hakikuwa nayo. Niliiuza mimi.

Nikajitupa mlangoni.

"Mama muzalishi! Kitanda ya tatu haiko ya kwanza! Alishazaa! Alitoka damu, bikwembe sita!"

Mkunga mpya alikuwa mwanamke mnene, kalamu ndani ya nywele, macho ya mtu aliyelala saa mbili kwa siku tatu. Alinitazama, akaingia ndani. Nikakimbia dirishani.

"Mama, ulishazaa mara ingine?" akamwuliza mdogo wangu.

Mdogo wangu alinitazama mimi kwanza. Kisha akageuza kichwa, akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama kikapu.

"Hapana," mdogo wangu akasema.

"Ni ya kwanza," mama mkwe akasema.

Mkunga akaja dirishani. "Sikiya, mama wa dirisha. Mwenyewe anakatala. Mukwe yake anakatala. Weye njo unajua tumbo ya batu?"

"Naijua, niliikandamiza na hii ngumi!"

"Mais toka hapo. Unamutisha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu wawili walikuwa wakishika ahadi niliyoitunga mimi, nao waliishika vizuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Mdogo wangu alikuwa tayari kutoka damu mpaka mwisho ili asirudishwe kwetu kama tumbo baya. Pumzi sasa zilikuwa hamsini. Nikarudia. Arobaini na tisa.

Mama mkwe alipotoka tena na kikombe chake, nilimngoja palepale chini ya dirisha, penye moto wa kwanza.

"Mama, umuambie muzalishi ukweli."

"Tulipatana."

"Tulipatana wakati hakukuwa mutu wa kufa."

"Mutu alikuwako," akasema. "Alikuwa amekwisha kufa."

Nikajaribu njia ninayoijua. "Basi sema bei. Karte, na neno moja kwa muzalishi. Unataka nini? Beseni? Kitenge? Nitatafuta."

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, moja kwa moja. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mfupi kuliko mimi, na nilikuwa sijawahi kuona jinsi alivyozeeka katika miaka ile miwili.

"Mwaka mbili," akasema, "huyu mudogo yako anapika kwangu, anafua nguo yangu, na haniangalie mu macho. Ananiita mama sawa mutu anatema mufupa. Anazani ni miye nilikatala mutoto yake. Nilijua tangu siku ya kwanza weye njo ulimudanganya. Nilinyamaza. Tulipatana."

"Mama..."

"Unauliza bei. Bei ni hii: usema. Hapa. Na ile sauti yako ya soko."

Dirisha lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu.

"Nitamuambia kesho," nikasema. "Akisha kuzaa, akisha kula."

"Kesho, hapana."

"Basi nitamuambia mu masikio, miye na yeye."

"Uliharibu jina yangu, halafu unataka kuitengeneza mu masikio? Hapana."

"Mama, akisikia hii sasa, nguvu itamuisha."

"Na asiposikia, muzalishi hataniamini miye wala weye. Atasema bibi wawili wanagombania karte. Yeye mwenyewe njo anapashwa kusema ndiyo, na hawezi kusema ndiyo kama anazani nitamufukuza."

Alikuwa na haki. Ndilo lililonikasirisha zaidi. Nimezoea kushindwa na watu wenye mali, si wenye haki. Nilitazama uwanja. Wanawake kumi na mmoja penye mioto, wote wameacha kukoroga. Nikawahesabu tena: kumi na mmoja, na mmoja wao nilimjua, alikuwa jirani wa Mulekera mwenye mdomo wa watu wawili. Ndani, mdogo wangu alitoa sauti ambayo haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu anayeinua gunia ambalo haliinuki.

Nikasema. Nilisema kama ninavyotangaza beseni la mwisho.

"Ni miye! Mudogo yangu alizaa mutoto wa kwanza, alikuwa musichana, alikufa, nilimuzika na hii mikono! Huyu mama hakuomba tumutoshe mu hesabu. Ni miye niliomba. Ni miye nilidanganya mudogo yangu. Mama mukwe hana kosa!"

Jirani wa Mulekera alishika mdomo wake. Kuku tu waliendelea na maisha yao.

Mama mkwe alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kile kipande cha boksi, akakiweka mkononi mwangu. Kisha akatangulia mlangoni mbele yangu, akamwita mkunga.

"Ni ya pili," akamwambia. "Alitoka damu sana. Nilikudanganya. Uniandike miye kama muongo, lakini umutayarishie."

Kutoka kitandani mdogo wangu akasema, "Ndiyo." Mkunga alivuta kalamu kutoka kwenye nywele. "Mais nyiye batu!" akasema. "Nyiye batu munachunga siri kuliko munachunga benye kuzaa!" Na palepale akakimbia.

Walinichoma kidole, wakachanganya damu yangu na yake juu ya kioo, wakasubiri, wakasema zinapatana. Walinilaza benchi, wakatoa mfuko mmoja. Niliutazama ukijaa. Mkunga akanionya nisiinuke kwa nusu saa. Niliinuka, nikashika ukuta, nikaenda kitanda cha tatu na karte mdomoni, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umefungwa pamba na mwingine ulishika ukuta.

Mdogo wangu hakunitazama. Nilikaa nyuma yake, nikaweka ngumi pale chini ya mgongo, nikasukuma. Mwili wake ulikataa mara moja, kisha uchungu ukaja, na mwili ukasahau ugomvi ukaja wote juu ya ngumi yangu. Uchungu ulipopita akajiondoa. Ikawa hivyo: akipata uchungu ananiegemea, ukipita anasogea mbele, nafasi ya kiganja kati yake na mimi. Nilimpa maji kwa kijiko, akayanywa akitazama ukuta. Nilimwambia apumue, akapumua. Hakuniita yaya hata mara moja. Nilimwuliza kama nisugue juu au chini, akanyoosha kidole tu.

"Vizuri, mama," mkunga alisema. "Sasa iko inashuka. Kumbe alihitaji mukono tu."

Mtoto alitoka kabla jua halijafika kwenye paa la jiko. Msichana. Alilia mara moja, kwa hasira, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Mimi nikaanza kucheka, na nikiwa katikati ya kicheko nikaona godoro.

Damu haikuja kwa kumwagika. Ilikuja kwa utaratibu, bila haraka, kama mtu anayejua njia kwa sababu alishapita. Mkunga alipiga sindano aliyokuwa nayo tayari mfukoni. Alifungua ule mfuko wangu, ukaanza kudondoka ndani ya mkono wa mdogo wangu, tone, tone. Akashika ngumi yangu, akaiweka juu ya tumbo, chini ya kitovu.

"Kandamiza hapa. Zungusha. Hapana achilia hata nikikufa miye."

Nikakandamiza. Kwa upande mmoja damu yangu iliingia, kwa upande mwingine ilitoka, na mimi katikati na ngumi moja. Nilihesabu matone ya mfuko, nikajaribu kuhesabu na yale ya chini, hesabu ikanikimbia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani. Kichwa kilizunguka, ukuta ulisogea. Nilimwambia Mungu bei. Niliongeza, nikaongeza tena, nikaweka juu yake vitu ambavyo si vyangu. Hakujibu. Mwuzaji asiyejibu ndiye anayejua kwamba huna duka lingine la kwenda.

Midomo ya mdogo wangu ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa yakipanda juu. Mkunga alimpiga shavu. "Mama! Mama, ubaki! Uniambie jina ya bwana yako! Jina ya mama yako!" Midomo ikatikisika. Mkono wangu ulikufa ganzi. Nikaukandamiza kwa ule mwingine wenye pamba, pamba ikaanguka.

Sijui ulipita muda gani. Mkunga aliinama, akaangalia, akabadilisha kitambaa, akangoja, akaangalia tena.

"Imesimama," akasema.

"Angalia tena."

"Nimeshaangalia."

"Mara ya pili, mama. Nakuomba."

Akaangalia mara ya pili. "Imesimama," akasema, na akakaa chini, sakafuni, na kalamu yake.

Walimletea mtoto, wakamlaza ubavuni mwake. Mdogo wangu alimtazama kwa muda mrefu. Rangi ilirudi kwenye midomo kidogokidogo, yangu au yake, sijui tena. Ndipo akaongea, na sauti ilikuwa ndogo hata nikainama.

"Ule mwingine. Ulimufunika na nini?"

"Na kikwembe yangu. Ile ya ndege."

"Uso pia?"

"Uso pia."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Nikasogeza mkono kwenye mgongo wake, pale pale.

"Hapana," akasema. "Utoke. Umuite mama aingie."

"Nitakaa kidogo tu, mpaka..."

"Umuite mama."

Nilifungua mdomo kuomba nusu saa. Nikamwangalia mkunga, mkunga akaangalia daftari lake.

Nje, mama mkwe alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, kikapu mkononi. Sidhani kama alikuwa amekaa.

"Beko bazima?" akauliza, kama wote wawili ni wazima.

"Beko bazima bote. Anakuita weye."

Nikampa karte. Ilikuwa na alama za meno yangu na damu pembeni. Aliifuta kwa kitambaa cha kwaya, akapita mbele ya mlinzi bila kuulizwa. Mimi nilizunguka nyuma, nikakaa chini ya dirisha kwa sababu miguu haikutaka kwenda zaidi. Mwanamke mmoja alinipa chai ya sukari, akaniambia aliyetoa damu lazima anywe. Juu yangu nilisikia kigoda kikivutwa karibu na kitanda. Mama mkwe akasema kitu, chini sana, na mdogo wangu akajibu, sentensi ndefu, kisha nyingine. Nikaweka kikombe chini, nikasimama kwa kushika ukuta nipate kusikia. Maneno sikuyapata. Ni sauti tu, ya mtu anayeongea na mama yake.